Mahali pa Kukaa Mtu Anayeumia

Mwanangu Saada,

Nakuandikia barua na huku nakusikia uani ukibishana na baba yako juu ya begi. Yeye anataka lifungwe kamba, wewe unaona aibu. Mwache afunge. Ni alasiri, jua limeshaelekea upande wa mikorosho, na kesho alfajiri utapanda gari kwenda Mbeya kusomea kuchora majengo. Mambo ya sweta, ya chakula, ya kupiga simu ukifika, tumeyasema mpaka umechoka, na humu hutayakuta.

Soma taratibu. Mwandiko wangu unalalia upande mmoja kwa sababu mkono huu wa kushoto niliufundisha kuandika ukubwani, na haukuwa mwanafunzi mwepesi.

Jana shangazi yako Tatu alikuuliza, "Mtoto wa kike na nyumba wapi na wapi?" Ukamjibu, "Nataka kuchora hospitali, shangazi. Hospitali ambazo mtu akiingia anapata nafuu kabla hajapewa dawa." Wewe ulikuwa umeinama unakuna nazi, hukumwona. Aliacha kazi akaniangalia mimi, macho yamemjaa maji. Tatu anajua. Alikuwepo.

Wewe umenikuta hivi hivi, na mkono mmoja. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mwingine uko wapi, nikakwambia mamba kauchukua. Ukauliza, "Ataurudisha lini?" Tukacheka, na hadithi ikaishia hapo. Nilifurahi kuona imeishia hapo. Leo nataka uijue iliyobaki, maana hiyo iliyobaki ndiyo kazi unayokwenda kuisomea.

Nilikuwa bibi harusi, sijamaliza hata mwaka kwa baba yako. Tulikuwa tunakaa kule kwetu mtoni, upande ambao maji bado ni baridi, hayajaingiwa na chumvi ya baharini. Mchana mweupe, mimi na Tatu tumeshuka kuosha vyombo. Sikuona kitu. Ndicho kilichonikaa moyoni kwa miaka, kuliko maumivu: maji yalikuwa yametulia, na mimi nilikuwa nayaangalia, na sikuona kitu. Tatu alinikumbatia kiunoni akakita miguu kwenye tope, akapiga kelele mpaka wanawake wakaja na makasia na michi. Wakampiga yule mnyama mpaka akaachia. Akaenda na alichokwishakipata.

Nikapelekwa hospitali, mbali na kwetu, wala sitaitaja. Walinitibu vizuri. Kidonda kilifunga, homa ikashuka, nesi walikuwa watu wema. Lakini nataka nikueleze kitanda changu kilivyokaa, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayekueleza.

Kitanda kilitazama ukuta. Ukuta ulipakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, juu yake nyeupe. Dirisha lilikuwa juu sana, likiingiza mwanga tu. Huoni mti, huoni mtu, huoni kama kunanyesha. Na mlango, Saada, ulikuwa nyuma ya kichwa changu. Kila aliyeingia aliingia kutokea nyuma. Mtu ambaye ametoka kukamatwa na kitu asichokiona, umemlaza mahali ambapo kila kinachokuja hakioni. Nikawa nasikiliza nyayo. Nikawa nazijua za nesi, za mfagizi, za daktari. Nyayo nisizozijua zikisikika, mwili mzima unakuwa jiwe. Wakadhani ni maumivu, wakaniongezea dawa ya usingizi.

Aliyekipanga chumba kile hakuwa mtu mbaya. Nina hakika alifikiria njia ya machela, nafasi ya nesi kupita, na maji ya daktari kunawa. Kitu kimoja tu hakukifanya, na mimi nakuomba wewe ukifanye kila mara: hakulala pale kitandani hata kidogo, akatazama kinachotazamwa na mgonjwa.

Nilipotoka, baba yako hakunirudisha mtoni. Alikuwa na kiwanja hiki cha marehemu babu yako huku Mtawanya, katikati ya mikorosho, maji ya karibu ni ya kisima. Yeye ni mwashi, unamjua, mkono wake hautulii. Alijenga vyumba viwili haraka haraka, akaweka madirisha mazuri. Siku ya kuingia nikatazama kila dirisha, nikamwambia, "Ziba."

"Lipi?"

"Yote."

"Joto, mke wangu."

"Ziba, Shabani. Naomba."

Akaziba. Dirisha kwa dirisha, tofali juu ya tofali. Nami nilikaa kitandani nikimwangalia, na kila mwanga ulipopungua nilijiona nimepata usalama. Hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa, mwanangu. Hakuna aliyenifungia. Niliomba mwenyewe, na aliyenipenda akanipa nilichoomba, na kikaanza kuniua polepole.

Masika yote nilikaa mle ndani. Kuta zikaota ukungu. Mchana nawasha koroboi. Chakula kikawa hakina ladha, nywele zikawa zinatoka. Kila panya akipita darini nilimsikia, na kwa kuwa sikuweza kuona kilichoko nje, nje pakajaa kila kitu. Tatu akija kunisuka, nilimwambia akae mbele yangu, asikae nyuma. Mtu anasukaje akiwa mbele? Lakini alisuka, maskini, mikono yake ikizunguka kichwa changu kama ananikumbatia.

Baba yako hakunibishia. Siku moja nikasikia anakata miti nje. Nikamwuliza kupitia mlangoni, "Unajenga nini?"

"Dungu."

"Dungu la nini? Hapa kuna mpunga?"

"Hakuna."

Wewe umekua huku juu, madungu umeyaona ukienda likizo tu. Kwetu sisi, msimu wa mpunga, familia nzima ilihamia shambani, tukakaa kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Unapanda ngazi, unalala juu, unalinda ndege na nguruwe. Nimelelewa humo. Mama yangu alinizalia humo. Maji ya mafuriko yalipita chini yetu usiku, nasi tumelala.

Akamaliza kulijenga, akaja mlangoni. "Njoo uone."

"Sitoki."

"Haya. Kesho basi."

Kesho yake akauliza tena, nami nikakataa tena. Hakukasirika. Akachukua mkeka wake akawa anakaa kule juu mwenyewe jioni, anakula korosho, anakohoa, ili nijue yupo. Ikawa hivyo mpaka mvua zikaisha.

Kilichonitoa ni harufu. Wakati mikorosho inapotoa maua, unaijua harufu yake ya asubuhi, tamu na yenye ukali kidogo. Ilipenya chini ya mlango. Nikawa nimesimama nje kabla sijakata shauri la kutoka. Jua likanichoma macho. Nikaiona ngazi. Kupanda ngazi kwa mkono mmoja si kazi rahisi. Baba yako alikuwa juu, akaniona, na akafanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili yake: hakushuka kunisaidia. Alisogea tu, akaniachia nafasi.

Saada, sijui kama nitaweza kulieleza. Nilifika juu nikaketi. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa makuti, mmoja tu, mgongo ukaegemea. Mbele, kulia na kushoto kulikuwa wazi. Niliona mikorosho mpaka mwisho wa bonde. Niliona moshi wa jikoni kwa jirani zetu. Niliona kuku, mbuzi, njia, mtoto aliyekuwa akija na ndoo, na nilimwona kutoka mbali, akakua taratibu mpaka nikamjua ni nani. Hakuna kitu kilichoweza kunifikia bila mimi kukiona. Chini yangu pakavu. Juu yangu kivuli. Nikasikia kifua kinafunguka, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani siku nzima akatuliwa na mwenzake bila kuomba. Nikalia. Kisha nikalala, pale pale kwenye mbao, na sikuamka mpaka adhuhuri.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijaacha kustaajabu. Ukuta ni kitu gani? Ni udongo na maji. Nguzo ni mti uliokatwa. Vitu hivi havina roho. Lakini uvipange hivi, mtu ananyauka. Uvipange vile, mtu yule yule, mwenye kidonda kile kile, anapata usingizi. Aliyetuumba ametufanya tusikie mahali kwa mwili mzima, kabla akili haijasema kitu. Nikifikiria hilo nasisimka ngozi.

Baada ya hapo baba yako akaanza kuzibua madirisha. Hakuyazibua yote kwa pamoja. Aliniuliza kila mara, "Hili tayari?" Nikisema bado, anaondoka. Nikisema tayari, ananikalisha kwenye kigoda ndani, anapima macho yangu yanafika wapi, ndipo anapiga tindo. Ndiyo maana madirisha ya nyumba yetu yako chini, na wageni wote wanauliza kwa nini. Yalikatwa kwa kipimo cha mwanamke aliyeketi.

Bustani ilikuja yenyewe, au tuseme ilikuja na Tatu. Alileta mche wa mkilua kutoka kwa mama yake, akapanda mrehani pembeni mwa mlango ili nguo ikigusa harufu itoke, akapanda mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato, karibu na dungu. "Miye sijui dawa," aliniambia, "lakini mtu hawezi kunusa mkilua akabaki amekunja uso."

Kilichobaki kilikuwa maji. Maji yoyote, hata ya beseni, nilikuwa nikiyatazama pembeni. Basi baba yako akasakafia bakuli pana la saruji chini ya mlangilangi, lenye kina kisichozidi kifundo cha mguu, na sakafu yake akaimwagia vipande vya vigae vyeupe. Akajaza maji ya kisima. "Ya hua," alisema, "wapate kunywa." Hakunitaja. Hua wakaja. Nikawa nawatazama kutoka juu, kisha kutoka ngazini, kisha kutoka karibu. Maji yale yalionyesha chini yake. Kila kipande cheupe kilionekana. Siku moja nikatia vidole, wakati huo nikiwa na mimba yako. Yalikuwa baridi. Baba yako alikuwa anachanganya zege, akaniona, akageuka upande wa pili akaendelea kukoroga lile zege muda mrefu mno, mpaka likaanza kukauka.

Yaliyofuata umeyaona mwenyewe, ila huenda hukuyaangalia. Watu walianza kuja kukaa. Unakumbuka wanawake waliokuwa wakipita kutoka shamba, wanaomba maji, halafu hawaondoki? Hawakuwa na shida na sisi. Aliyefiwa alikuja, aliyeachwa alikuja, na aliyegombana na mkwewe. Wanakaa, hawasemi, wanaondoka. Mwanzoni nilikuwa nawasumbua kwa maneno. Nilikuwa na somo langu la kuponyeka, nikataka kila mtu alisikie. Nikamwuliza mmoja maswali mengi mpaka hakurudi tena. Nikajifunza kunyamaza, na ndipo walipozidi.

Hivyo ndivyo alivyokuja Daktari Neema. Ulikuwa darasa la tatu hivi. Alikuwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mgeni huku, mtu wa bara, mwenye haraka. Alikuja jioni na viatu vya kazini, akaniamkia, akaomba kupanda dunguni. Akakaa mpaka giza likaingia. Aliposhuka akasema, "Mama Saada, leo nimempoteza mama mjamzito kutoka kule visiwani. Mume wake nilimpa habari kwenye korido, watu wanapita na ndoo. Sikuwa na pengine pa kumpeleka. Hakuna mahali pale pa kukaa mtu anayeumia."

Nikamwambia, "Ardhi mnayo."

"Ardhi ipo. Nyuma ya wodi kuna uwanja wa majani, watu wanatupa takataka."

Akamgeukia baba yako. "Fundi, unaweza?"

"Sijui," baba yako akasema. "Lakini twende tukakae pale kwanza."

Wakaenda wakakaa. Nami nikaenda. Asubuhi, mchana, jioni, tukiangalia kivuli kinapita wapi na upepo unatoka upande gani. Daktari alijua mambo ambayo sisi hatuyajui: mbu huzalia wapi, mgonjwa wa kifua akae mbali na nani, maua gani yanamletea mtu pumu. Sisi tulijua mengine. Tukabishana sana. Mabenchi ya kwanza tuliyapanga yanatazamana, yakapendeza, na hakuna aliyeyakalia. Anayelia hataki kutazamana na mtu. Tukayageuza yote yakatazama miti, na wiki ile ile yakajaa. Wanaume wa kijiji walitoa nguvu zao, wanawake wakaleta miche, na waliotoka visiwani wakaleta magogo ya mkoko ambayo mchwa hawayawezi. Lilipokwisha, lilikuwa ua lenye baraza ndefu iliyoinuliwa kidogo, yenye mgongo, na mbele yake mkilua, mrehani, mwarobaini na bakuli la maji ya hua.

Wewe ulicheza pale ukinisubiri. Ulinijibu swali siku moja uliporudi na udongo magotini. Nilikuuliza kwa nini unapenda kuja huku kwa wagonjwa badala ya kucheza na wenzako. Ukasema, "Huku watu wanaongea polepole." Nadhani ndiyo siku ulipoanza kuondoka nyumbani, ingawa gari ni la kesho.

Sasa nikueleze la mwisho, lililotokea wewe hukuwepo. Ulikuwa bwenini.

Alikuwepo mzee mmoja, Mzee Omari, aliyeletwa kwa boti kutoka ndani kabisa ya delta, kule kwenye visiwa mto unapokutana na bahari. Alikata mikoko maisha yake yote. Ugonjwa wake ulikuwa umeshapita dawa. Daktari alikuwa amewaambia wanawe, nao wakaomba abaki apate cha kutuliza maumivu. Alilala wodi ya wanaume siku nyingi, taa inawaka mchana na usiku. Mimi nilikuwa napeleka uji. Siku hiyo akanishika kanga. "Mwanangu," alisema, "nasikia majani. Nipelekeni kwenye majani."

Wanawe wakajaribu kumwinua, akapiga ukelele. Mifupa ilikuwa haivumilii kuguswa. Daktari akasema, "Basi aende na kitanda." Wakakisukuma mpaka kwenye mlango wa kutokea uani, kikakwama. Wakakigeuza, kikakwama. Mlango ulikuwa mwembamba. Baba yako ndiye aliyeujenga, wakati wa lile ua; aliupima kwa mtu anayetembea. Sisi sote tulikaa pale siku zile tukitazama vivuli na upepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria mtu asiyeweza kusimama.

Baba yako alikuwa nje anarekebisha sakafu. Akaja akautazama mlango, akakitazama kitanda. Uso wake ulibadilika. Akamwambia Daktari, "Nipe ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kuvunja."

Daktari hakufikiri. "Vunja," alisema.

Tukakivuta kitanda nyuma, tukamfunika mzee kanga zangu mbili usoni asiingiwe na vumbi. Baba yako akang'oa fremu, akaupiga ukuta wake mwenyewe kwa sururu, na wanawe wale wakamsaidia kwa mikono, wanatoa matofali kama watu wanaofukua aliyefukiwa. Wagonjwa waliamka wakakaa vitandani. Hakuna aliyelalamikia vumbi. Mmoja mwenye dripu alishuka, akaishika chupa yake kwa mkono mmoja, akaanza kusogeza matofali kwa mguu.

Kitanda kikapita. Tukakisukuma mpaka chini ya mwarobaini, nikaziondoa kanga taratibu. Mzee Omari alifumba macho kwanza, kwa sababu ya mwanga. Kisha akayafumbua. Majani yalikuwa yanacheza juu yake, na vivuli vyake vidogo vinapita usoni, kifuani, kwenye mikono ile mikubwa. Akatazama muda mrefu. Sote tumesimama, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope.

Akasema, "Kumbe bado mchana."

Basi. Mwanawe mkubwa akakaa chini akaegemea gurudumu la kitanda, akalia bila sauti, na mzee akaushusha mkono wake akamwekea kichwani. Alikuwa hajauinua mkono ule tangu aletwe.

Hakupona. Alikaa nje kila siku mpaka siku zake zikaisha, na alipokwenda alikwenda ametulia, wanawe wako pande zote, wanaonana naye usoni. Baada ya maziko baba yako alikwenda kumwuliza Daktari kama azibe lile pengo arudishe mlango wa zamani. Walisimama pale wote wawili. Wakati huo huo nesi akaja anasukuma kitanda cha mtu mwingine, mgonjwa wa mguu, na bila kuomba njia akapita katikati yao akatoka nacho nje.

Nenda, mwanangu. Kachore milango ya namna hiyo.

Mungu akufikishe, na akupe wenzako wa kubishana nao.

Mama yako,
Zainabu